Zege Lililobebwa Kichwani

Insha zilikuwa arobaini na tatu, na zote zilisema jengo livunjwe.

Binti yake Bi Karai, mwalimu wa darasa la sita, alikuwa amezimwaga mezani baada ya chakula cha mchana ili azisahihishe. Bi Karai, ambaye maishani mwake hajaacha karatasi yenye maandishi impite bila kuichungulia, alivuta moja. Halmashauri ya mji ilikuwa imetangaza shindano kwa shule zote, na swali lilikuwa hili: "Kwa nini jengo letu la halmashauri livunjwe?" Si kwamba livunjwe au lisivunjwe. Kwa nini livunjwe. Watoto, kwa adabu zao, walijibu walichoulizwa. Mmoja aliandika kwamba linafanana na gereza. Mwingine aliandika kwamba baba yake alikwenda kutafuta cheti cha kuzaliwa akadondokewa na maji machafu begani. Wa tatu, msichana mwenye mwandiko wa kupendeza, aliandika hivi: "Jengo hili lilijengwa ovyo tangu mwanzo, kwa sababu zege lake lilibebwa kichwani na vibarua wanawake wasio na ujuzi wowote."

Bi Karai aliisoma mara mbili. Akaiweka chini, akavua miwani, akaipangusa kwa upindo wa kanga, akaisoma mara ya tatu. Maneno yalikuwa yaleyale.

"Huyu mtoto hii kaitoa wapi?"

"Ipi, mama?"

"Hii ya wanawake wasio na ujuzi."

Binti alichungulia. "Ah, hiyo iko kwenye ripoti. Walituletea muhtasari wa mtaalamu, kurasa nne, tuwasomee darasani. Karibu wote wameinakili, wewe ndiyo kwanza umeanza."

"Nawe ukawasomea."

"Mama, niliagizwa na mwalimu mkuu."

"Ukawasomea. Wewe uliyepanda mpaka ghorofa ya tano ya jengo hilohilo ukiwa tumboni mwangu, karai juu na wewe chini, leo unawasomea watoto wa watu kwamba mama yako alikuwa hajui anachobeba!"

Mwalimu aliweka kalamu chini. Alikuwa na miaka hamsini na moja, alikuwa na wajukuu wawili, lakini mama yake akiinua sauti namna ile hurudi kuwa mtoto. Alisema kwa upole kwamba hakufikiria. Halafu, kwa kuwa naye ni mwalimu na hawezi kukaa na neno, akaongeza: "Lakini kusema kweli mama, si ni baya? Hata wewe mwenyewe husema."

Na hapo ndipo watu wote hukosea na jambo hili. Kitu kuwa kibaya na kitu kujengwa vibaya ni mambo mawili, na anayeyachanganya ama hajui kujenga, ama ana lake moyoni.

Hili jina la Karai halikutoka kwa wazazi. Alilipata akiwa na miaka kumi na tisa, msichana mwembamba kuliko wenzake sitini waliochukuliwa kubeba zege. Lilichanganywa chini, likajazwa kwenye karai za chuma, likapanda kichwani mwa wanawake kwa njia ya mbao zilizopigiliwa kwa mkingamo, ghorofa kwa ghorofa, mstari usiokatika. Zege likianza kumwagwa halisimami. Ukiacha nguzo nusu ukaimalizia kesho, umeweka ufa wenyewe kwa mkono wako. Kwa hiyo siku ya kumwaga hakukuwa na kwenda kunyonyesha, hakukuwa na kuumwa kichwa, hakukuwa na mvua. Mwembamba yule alikuwa akipanda na karai iliyojaa pomoni, na msimamizi, mtu mfupi mwenye sauti ya kukwaruza, akawa anawaonyesha wanaume: mtazameni Bi Karai yule.

Msimamizi huyo alikuwa na tabia moja iliyowatoa machozi. Ukifika juu, shingo imekuingia kifuani, alitia vidole viwili ndani ya karai yako. Akiona zege limezidi maji, hamwagi. Anakwambia rudi nalo. Unashuka nalo ghorofa nne, kichwani, unakwenda kulimwaga shimoni, unaanza upya. Hakumtukana mtu, hakumfukuza mtu. Rudi nalo tu. Baada ya miezi miwili wanawake wale walikuwa wanajua kwa shingo. Karai inatua kichwani, na kabla hujainua mguu unasikia kama mzigo unacheza au umetulia. Ukicheza, hupandi. Walikuwa wanagomba na wachanganyaji pale chini, wanakataa kubebeshwa uji, mpaka wanaume wakawa wanawaogopa kuliko wanavyomwogopa msimamizi. Ikafika wakati yule mfupi akaacha kutia vidole. Akiona karai imefika juu, anajua imekwisha kukaguliwa na shingo ya mtu.

Wasio na ujuzi wowote! Mtu ambaye hajawahi kubeba hata ndoo ya maji kutoka bafuni aliyaandika hayo, na kompyuta yake mapajani.

Sasa kuhusu uzuri, tusidanganyane. Mbao za kushikilia zege zilipobanduliwa, wanawake wote walisubiri mafundi wa lipu. Hawakuja. Wakasubiri wapaka rangi. Hawakuja pia. Kumbe ndiyo basi, jengo limekwisha, kuta za kijivu zenye alama za mbao mpaka vifundo vyake, madirisha yametumbukia ndani kama kreti la soda lililolazwa ubavu. Watu wakaliita Kreti siku hiyohiyo. Bi Karai aliona aibu kidogo, ya mtu aliyemfuma ndugu yake katoka nje kabla hajamaliza kuvaa. Na ule uwanja wa mbele, uliotandazwa vigae vya zege bila mti hata mmoja, ukaitwa Kikaango, na jina hilo lilistahili. Aliyeuchora hakuwahi kuukatiza saa saba mchana akiwa na ndala.

Lakini Bi Karai alilijua lile jengo kwa namna ambayo mpita njia halijui. Lilipokwisha aliajiriwa kuwa mfagizi, na akalifagia miaka thelathini na minane. Alijua kwamba yale madirisha yaliyotumbukia yanazuia jua lisiingie, na kwamba makarani wa ghorofa ya tatu walifanya kazi mwezi wa joto bila feni. Alijua kwamba kwa sababu jengo zima limesimama juu ya nguzo, chini yake kuna kivuli kinachotosha mji: mpiga picha za paspoti, wapiga chapa wawili, mama na mtoto mgonjwa wanaosubiri saa ya kliniki, wazee wanaobishana habari za redio, na hakuna anayeulizwa umefuata nini hapa. Jengo jipya la kuchukua nafasi yake, kama halmashauri ilivyolionyesha kwenye picha, lilikuwa la vioo, limeanzia chini kabisa na mlinzi mlangoni.

"Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti," alisema alipoiona ile picha. "Na vioo vyote hivyo nani atavisugua?"

Swali la pili halikuwa mzaha. Mtu aliyefagia miaka thelathini na minane huliangalia kila jengo kwa jicho la atakayelisafisha.

Ila kulikuwa na jambo, na jambo hilo ndilo lililomfanya akae pale mezani na insha ya mtoto mkononi muda mrefu, mpaka binti yake akaogopa.

Kreti halikuwa linavuja. Karibu miaka thelathini halikuvuja. Juu ya paa lake lililo bapa, upande wa uwanja, palikuwa na mifereji sita ya zege iliyotokeza nje ya ukuta, kila mmoja urefu wa mkono wa mtu mzima. Mvua ikinyesha, maji yalirushwa mbali na ukuta, yakaanguka uwanjani kwenye mashimo sita yaliyojazwa kokoto, yakazama. Ukuta ulibaki mkavu. Bi Karai aliyafagia mashimo hayo kila Jumatatu.

Miaka ishirini na miwili iliyopita ilitangazwa kwamba mgeni mkubwa atakuja. Mji mzima uliingiwa na kiwewe. Mawe ya barabarani yalipakwa chokaa, mbwa walifukuzwa, na katibu wa mji wa wakati huo alitandika zulia jekundu uwanjani, tangu kwenye lango mpaka kwenye ngazi. Zulia likapita juu ya mashimo ya kokoto. Ilikuwa wiki ya mvua. Mtu mmoja, hajulikani nani, akakumbuka kwamba mvua ikinyesha maji ya paa yatamwagikia mgeni kichwani.

Zulia lingeweza kusogezwa hatua kumi. Tulitie maanani hilo, kwa sababu kila mtu akilisikia hudhani amesikia vibaya. Hatua kumi tu kushoto. Lakini katibu alishalipigia zulia picha, na picha alishaituma juu. Kwa hiyo alimwita Bi Karai pamoja na kibarua mmoja mrefu aliyeitwa Ngazi, akawaamuru wapande juu wakaizibe mifereji.

"Ya siku moja tu," alisema. "Keshokutwa mnaizibua."

Walipanda na magunia na ndoo ya simenti. Wakashindilia magunia ndani, wakapaka simenti juu. Asubuhi yake mgeni akatuma salamu kwamba amepata udhuru, haji. Mawe yalibaki meupe kwa mwezi mzima.

Keshokutwa yake Bi Karai alikwenda ofisini kwa katibu kuuliza kama wakazibue. Katibu alikuwa na hasira za mgeni kutokuja. Akamwambia hilo sasa ni suala la idara ya ujenzi, na idara itampa barua. Alikwenda idara. Wakamwambia wao hawakuagiza kuziba, watawezaje kuagiza kuzibua? Alete barua ya aliyeagiza. Akarudi kwa katibu. Katibu kahamishwa. Akamwuliza katibu mpya, katibu mpya akasema asubiri, ataandika. Akasubiri. Mvua zikaja, maji yakatuama juu ya paa, yakatafuta njia yao, yakashuka ndani ya ukuta. Mwaka wa pili ukuta wa mbele ukaota weusi. Mwaka wa tano vyuma vikavimba kwa kutu, vikaanza kubandua zege vipande vipande. Bi Karai alivifagia vipande hivyo asubuhi, akavitia kwenye toroli, akavimwaga. Kwa miaka sita, mpaka alipostaafu, alifagia vipande vya zege alilolibeba mwenyewe, akisubiri barua.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tuliziba kisichozibwa, ufa tukauangalia tu.

Siku ya pili baada ya zile insha alikwenda kwa Ngazi. Mzee yule alikuwa ameketi uani anachonga mpini wa jembe. Urefu wake ulikuwa umekunjika na sasa alitosha kwenye kigoda. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kuinua kisu.

"Shemeji," alisema, maana alikuwa rafiki wa marehemu mume wake, "hayo ya nini sasa? Funika kombe mwanaharamu apite."

"Wanasema tulijenga ovyo."

"Waseme! Maneno yanavunja mfupa?"

"Wanalivunja jengo zima kwa uongo, Ngazi. Na uongo wenyewe sisi ndio tunaoujua."

"Sisi ndio tulioiziba mifereji," alisema Ngazi, na hapo aliinua macho. "Ukisimama pale ukasema mifereji ilizibwa, watauliza swali moja tu: na nani? Watasema mmeona, ni hawa wazee wawili. Mimi kesi uzeeni siitaki. Naomba jina langu usilitaje."

Bi Karai alimwahidi. Njiani alimkasirikia, kisha akajikuta anajikasirikia mwenyewe zaidi, kwa sababu hofu ile ya Ngazi aliijua ladha yake. Ndiyo iliyomfunga yeye mwenyewe miaka yote. Alikuwa na mikono, alikuwa na ndoo, alijua njia ya paani. Alichokosa ni karatasi.

Mkutano wa maoni ya wananchi ulifanyika Jumamosi, kwenye ukumbi wa ghorofa ya tano ya Kreti lenyewe. Lifti ilikufa zamani. Bi Karai alipanda ngazi akipumzika kila ghorofa, binti yake nyuma yake akimbebea mkoba. Ukumbi ulikuwa umejaa. Mbele kulikuwa na mwenyekiti wa halmashauri, mtu mnene mwenye kicheko cha karibu, na pembeni yake mtaalamu aliyeandika ripoti, amevaa suti ya rangi ya maziwa. Mezani waliweka kipande cha zege chenye chuma kilichooza, kimetandikiwa kitambaa cheupe kana kwamba ni kidole cha marehemu.

Mtaalamu alizungumza nusu saa. Alionyesha picha za ukuta mweusi. Alirudia kwamba ujenzi ulikuwa duni tangu mwanzo, zana duni, vibarua wasio na mafunzo. Akamaliza kwa kusema la kuvunda halina ubani, na watu wakapiga makofi. Wengine walipiga kwa dhati, maana ni kweli walishachoka kudondokewa.

Mwenyekiti aliuliza kama kuna maoni. Bi Karai aliinuka. Binti yake alimshika kanga, akaivuta kidogo, kisha akaiachia.

"Mimi naitwa Bi Karai. Nimelijenga jengo hili, na nimelifagia. Naomba kumwuliza huyu baba aliyesema. Ulipoandika ripoti, ulipanda paani?"

Mtaalamu alitabasamu. "Mama, tulitumia vipimo vya kisasa kabisa."

"Nimesikia. Ulipanda paani?"

"Mlango wa paa ulikuwa na kufuli. Ufunguo haukupatikana."

Ukumbi ulinong'ona. Bi Karai aliugeukia ukumbi. Kurasa zote zile, insha zote zile, watoto arobaini na tatu, na mtu hakupanda hata kuangalia!

"Basi mimi nimepanda," alisema. "Juu kuna mifereji sita. Yote imezibwa kwa magunia na simenti, tangu mwaka ule wa mgeni ambaye hakuja. Maji hayana pa kutokea ndiyo maana yanapita ukutani. Zege halina kosa. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua, na ninyi mmetusingizia sisi."

"Imezibwa na nani?" mwenyekiti aliuliza haraka.

Ngazi aliwajua watu vizuri. Bi Karai hakumtaja.

"Na mimi. Niliagizwa na katibu wa wakati huo, Mungu amrehemu. Lakini mkono ni wangu."

"Kwa hiyo, mama," alisema mwenyekiti, na kicheko chake kikaja mbele, "unatuambia hapa mbele ya wananchi kwamba wewe ndiye uliyeharibu mali ya umma?"

Watu walicheka. Si wote, lakini walitosha. Mwalimu aliinamisha kichwa. Bi Karai alisimama palepale, akawaacha wacheke mpaka kikawaishia.

"Ndiyo. Niandikeni. Andikeni kwamba Bi Karai aliziba. Ila mkimaliza kuandika hilo, ile ya kwamba tulijenga ovyo ifuteni. Haiwezekani zote mbili ziwe kweli."

Aliyeinuka kumsaidia hakutegemewa na mtu. Alikuwa mhandisi wa halmashauri, mwanamke kijana aliyekaa safu ya nyuma na buti zake za kazi, ambaye hakuwa amealikwa kuzungumza. Alisema kwamba siku nyingi amejiuliza kwa nini uozo uko upande wa uwanja tu, na pande tatu zilizobaki ni nzima kama siku ya kwanza. Ujenzi ukiwa duni, huwa duni kote. Kama mifereji imezibwa, basi jibu ndilo hilo, na upande mmoja unatibika.

Mtaalamu alianza kupekua karatasi zake. Mwenyekiti aliacha kucheka.

"Tuseme ni kweli," alisema. "Tuseme linatibika. Bado ni baya! Nani hapa analipenda? Nyoosheni mikono."

Ilinyooka mikono minne, na mmoja ulishushwa.

"Mimi mwenyewe sikunyoosha," alisema Bi Karai. "Sikuja kusema ni zuri. Uwanja wenu unaunguza, pandeni miti. Kuta zinatisha, hata mimi zilinitisha. Mkitaka kulivunja kwa sababu hamlipendi, simameni mseme hivyo: hatulipendi, tunataka vioo. Mtu mzima husema analotaka. Lakini msiwaingize wanawake sitini humo. Wengi wamekwisha kufa, hawawezi kuja hapa kuwajibu. Hakuna karai iliyofika juu ya jengo hili na zege bovu, hakuna! Tulilirudisha chini wenyewe, kwa shingo zetu. Na ninyi mmewafundisha watoto kwamba sisi ndio ugonjwa."

Hakuna aliyepiga makofi, lakini hakuna aliyecheka pia, na mpiga picha za paspoti, aliyekuwa amesimama mlangoni, alisema kwa nguvu, "Mwambie, mama!"

Mwenyekiti alinong'onezana na watu wake. Kisha akatangaza kwa sauti ya mtu mwenye huruma kwamba maoni ya mama yamepokelewa. Uamuzi utaahirishwa kwa miezi mitatu. Kuhusu hiyo mifereji, halmashauri itaiandikia barua idara ya ujenzi, idara itakagua na kutoa mapendekezo, na mapendekezo yakipitishwa, barua ya kuzibua itatolewa.

Binti yake alimwinamia. "Mama, umeshinda. Miezi mitatu! Kaa upumzike."

Bi Karai hakukaa. Neno lile barua lilikuwa limempita masikioni likashuka mpaka kwenye magoti mabovu, na magoti yakaanza kutembea. Alipita katikati ya viti akaufikia mlango wa nyuma, ule wa kupandia paani, ambao watu wengi wanadhani ni wa stoo. Mhandisi alimfuata. Alimtazama mama, akatazama kufuli lenye kutu, akampigia simu fundi wa zamu aje na nyundo na tindo. Fundi alipofika aliuliza kama kuna kibali. Mhandisi alisema kibali ni yeye. Kufuli lilikatika kwa pigo la pili.

Paani maji yalikuwa yametuama yakifika vifundo vya miguu, ya kijani, yana viluwiluwi. Bi Karai alivua ndala, akapandisha kanga, akayavuka. Binti yake alipiga kelele kwamba ataanguka. Mfereji wa kwanza aliupata bila kuutafuta, na simenti yake juu yake, ina alama za vidole. Fundi alitaka kumsaidia. Akamkatalia, akachukua nyundo na tindo, akapiga magoti ndani ya maji.

Chini yao, ukumbini, mkutano ulikuwa unaendelea na ajenda ya takataka za soko. Kila pigo lilisikika kwenye dari. Mwenyekiti alinyamaza, akaanza tena, akanyamaza tena. Mwishowe alituma mtu, na mtu huyo akaja akasimama mlangoni mwa paa na viatu vyake vizuri, asitake kukanyaga maji.

"Nani amewaruhusu?"

"Hakuna," alisema Bi Karai, na akaendelea kupiga.

Simenti ilikuwa ya juujuu, ya siku moja, kama ilivyoagizwa. Ilipasuka vipande viwili. Gunia nyuma yake lilikuwa limeoza. Alilishika kwa mikono yote miwili akalivuta, likatoka kwa mkupuo, na maji yakalifuata. Yalikoroma ndani ya mfereji, yakarukia nje mbali kabisa na ukuta, yakaanguka uwanjani. Watu kule chini waliruka pembeni wakatukana, kisha wakainua vichwa kuangalia yanatoka wapi. Mhandisi alikuwa anacheka. Fundi alikuwa amekwisha kuuendea mfereji wa pili na nyundo nyingine.

Bi Karai alibaki amepiga magoti, gunia lililooza liko mapajani. Binti yake alimfikia akaona analia, na akadhani ni furaha, akamkumbatia.

"Angalia saa yako," Bi Karai alimwambia. "Nimetumia muda gani?"

Mwalimu aliangalia saa. Hakuelewa kwa nini anaulizwa.

"Kama robo saa hivi, mama."

"Robo saa," alisema Bi Karai. Akalitupa gunia kwa hasira, nusura limpige yule mtu wa viatu vizuri. "Miaka ishirini na miwili, mwanangu. Robo saa!"